Cascade au Citra kwa bia ya nyumbani

Ndugu, umeuliza kwa sufuria ya lita 20 uchukue hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ya Cascade au Citra, na kama gramu zake zinalingana. Hazilingani kabisa. Soma kwanza asilimia ya asidi za alfa kwenye pakiti, maana ndizo zinazoleta uchungu: Cascade huwa na 6 hivi, Citra 12. Ukiweka gramu zilezile za Citra na kuzichemsha saa nzima, uchungu utakaribia maradufu, na ile harufu ya embe na pasheni unayoilipia itapotea na mvuke.

Kwa bia ya kwanza chukua Cascade, iliyotoka Oregon, Marekani. Inanukia maganda ya balungi na maua, na ukizidisha kidogo haikuharibii kazi. Tia gramu 30 maji ya kimea yanapoanza kuchemka, nyingine 30 zikibaki dakika tano kabla ya kuzima moto. Citra itunze, uitie moto ukishazimwa. Hopsi ya Saaz ya Ucheki ni nzuri mno, lakini hiyo ni ya bia ya laga.

Na tafadhali, ukifungua pakiti inuse. Ikinuka kama jibini iliyooza, usiitie kabisa.