Kitufe Nilichokisahau Kwenye Dashibodi ya Lori

Miaka yangu ya mwanzo kwenye usukani nilitumia kiyoyozi kwa namna moja tu. Joto likizidi, nawasha AC mpaka mwisho. Baridi ikizidi, nazungusha swichi upande wa nyekundu. Vitufe vingine sikuvijali, hadi usiku mmoja wa mvua.

Tulikuwa wawili, mimi na utingo wangu, naye amelala. Macho yalikuwa yananilemea, napiga miayo mfululizo, na kioo cha mbele kilianza kuingia ukungu kutoka pembeni kuja katikati. Nikafuta kwa kitambaa, kikabaki na michirizi, na taa za magari yanayokuja zikatawanyika kioo kizima. Nikatafuta pa kuegesha, nikasimama.

Hapo ndipo nilipoona kitaa kidogo kinawaka kwenye kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani yake. Nilikibonyeza mchana tulipopita kwenye vumbi, nikakisahau. Kitufe hicho hufunga hewa ya nje na kuzungusha ile ile ya ndani. Kwa saa nyingi tulikuwa tunavuta pumzi zetu wenyewe: kabonidioksidi inaongezeka na kuleta usingizi, unyevu unapanda na kugeuka ukungu kwenye kioo cha baridi. Nilidhani ni uchovu wa safari, na uchovu ulikuwepo, lakini nilikuwa nauongezea mwenyewe.

Nikakizima kitufe hicho, nikaelekeza hewa yote kwenye kioo, nikaweka joto, kisha nikawasha AC juu yake. Madereva wengi hushangaa nikisema AC pamoja na joto. AC hukausha hewa. Yale maji yanayodondoka chini ya lori ni unyevu uliotolewa kabini. Hewa iliyokaushwa kisha ikapashwa joto hunyonya ukungu haraka kuliko joto peke yake. Kioo kilisafika ndani ya dakika chache.

Sisemi kitufe hicho ni kibaya. Lori likiwa limeshinda juani, fungua madirisha kwanza, washa feni, joto lililojifungia litoke. Halafu funga, washa AC, zungusha hewa ya ndani mpaka kabini ipoe. Ikishapoa, rudisha hewa ya nje.

Upande wa joto, kumbuka hita huchota moto wake kwenye maji ya rejeta. Injini ikiwa bado ya baridi, kuweka feni mwisho ni kujipulizia baridi tu. Subiri mshale wa kipimo cha joto la injini upande juu. Na kwenye mlima mrefu, ukiona mshale huo unakaribia nyekundu, zima AC, fungua madirisha, weka hita mwisho na feni mwisho. Utatoka jasho, lakini unaipunguzia injini joto wakati unatafuta pa kusimama.

Jambo moja usilipuuze: hita ikitoa harufu tamutamu na kioo kikapata utando wenye mafuta usiofutika vizuri, huenda maji ya rejeta yanavuja ndani ya hita. Usivumilie harufu hiyo, mwone fundi.

Siku hizi nikibonyeza kile kitufe kwa sababu ya vumbi, namwambia utingo kwa sauti: "Tukishapita hapa, nikumbushe." Naye hukumbuka kuliko mimi.