Kila nikitoka Moshi kuhesabiwa, tumbo halikai sawa

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni baba wa miaka 46, naishi Tabata, Dar es Salaam. Kila Desemba tunapanda Moshi na familia kuhesabiwa, yaani kula Krismasi nyumbani kwa wazazi, na kila Januari narudi tumbo na mimi hatuelewani. Mwaka jana ilikuwa hivi: siku nne za kwanza sikupata choo kabisa. Usiku wa Krismasi, baada ya ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) na mbege (pombe ya ndizi), kifua kiliwaka mpaka nikalala nimekaa. Tarehe 27 tukala pilau ya jana yake, na watu watano nyumbani tukaharisha, akiwemo mama yangu mwenye miaka 79. Mimi nilikuwa nikimeza omeprazole kila kifua kikiwaka, na zile tembe nyeupe za magnesiamu nikizitafuna kama pipi. Mwaka huu nibebe dawa gani? Na kuna mtu ananiuzia dawa ya kusafisha utumbo, ninywe nikirudi? (Mangi wa Tabata)

JIBU: Salama, Mangi. Umeandika kana kwamba ni ugonjwa mmoja, lakini mimi hapa nasoma matatizo matatu, kila moja na chanzo chake, na dawa ulizokuwa ukimeza zilizidi kuyachanganya. Tuanzie ndani ya basi, maana mambo yaliharibika huko kabla hata mbuzi hajachinjwa.

Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Unakaa kitini kutwa nzima. Abiria wengi huacha kunywa maji tangu alfajiri ili wasije wakamwomba kondakta asimamishe basi wakachimbe dawa. Basi likisimama Korogwe au Mombo ni dakika chache tu: chipsi kuku, soda, mbio kurudi kwenye siti. Sasa, kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Mwili ukikaukiwa unafyonza zaidi, na kinachobaki kinakuwa kokoto.

Halafu unafika nyumbani. Utumbo una saa yake: muda mfupi baada ya kunywa chai ya asubuhi hujikaza na kusukuma, na ndipo mtu hupata haja. Ukiwa Tabata, saa hiyo unajua choo kiko wapi na nani yumo. Kijijini siku ya Krismasi kuna watu ishirini, choo kimoja nyuma ya migomba, baridi inauma, na shemeji ameingia na simu. Unaahirisha. Kesho unaahirisha tena. Haja ikinyimwa mlango mara tatu nne huacha kubisha hodi, na hapo ndipo siku nne zinapopita. Dawa yake haiuzwi famasi: amka kabla ya wenzako, kunywa kikombe cha kitu cha moto, na mwili ukiita, nenda. Cha kufurahisha ni kwamba kile choo cha shimo mnachokilalamikia kinakusaidia. Mtu akichuchumaa, njia ya haja kubwa hunyooka kuliko akikaa kwenye choo cha kukalia.

Kwenye sahani, kumbuka jambo moja: nyama haina nyuzinyuzi hata kidogo. Kilo nzima ya mbuzi, sifuri. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku, na gramu 100 za parachichi zinakupa karibu 7. Parachichi, papai, ndizi mbivu na maharage vyote viko hapo hapo nyumbani, ila siku za sikukuu vinaonekana chakula cha siku za kawaida, havina heshima mezani. Vipe heshima. Mtori, ile supu ya ndizi na nyama, nao ni rafiki wa tumbo, mradi usikae na lile tabaka la mafuta juu.

Sasa kiungulia. Pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa duara unaofanya kazi ya mlango, kuzuia tindikali isipande juu. Mafuta huulegeza. Pombe huulegeza. Tumbo likijaa hadi juu huusukuma kutoka chini. Na ukilala, uzito wa chakula hauzuii tena kitu, vyote vinakwenda usawa mmoja. Wewe usiku ule ulivikusanya vyote vinne ndani ya saa tatu. Mafuta pia huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo ngozi ya ndafu iliyoliwa saa tatu usiku inaweza kuwa bado ipo saa saba kifua kinapowaka. Mbege nayo, kwa kuwa ni ndizi na ulezi vilivyochachuka na bado vinachachuka unapoinywa, huingia na hewa yake. Juu ya hayo, hainywewi kwa glasi. Kata inazunguka, ikifika kwako huwezi kukataa.

Sikwambii uache kula ndafu, ningekuwa nakudanganya kwamba utanisikiliza. Nakwambia ihamishe. Nyama nzito iwe mchana, saa nane hivi, usiku kula kitu chepesi, na kati ya kumaliza kula na kulala zipite saa tatu. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto. Kama usiku bado unawaka, inua kichwa cha kitanda kwa tofali la inchi 6 chini ya kila mguu wa upande huo. Kurundika mito hakusaidii, kwa sababu mito inakukunja kiunoni na tumbo linabanwa zaidi.

Kuhusu omeprazole, hiyo si dawa ya kuzima moto unaowaka sasa hivi. Inazuia vile vipampu vya tumboni vinavyotengeneza tindikali, na vipampu hivyo huamka unapokula. Ndiyo maana inamezwa karibu nusu saa kabla ya mlo wa kwanza, na nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa. Kuimeza saa saba usiku kifua kikiwaka ni kama kupiga simu zimamoto ukaacha ujumbe wasome kesho. Zile tembe za kutafuna ndizo za papo hapo, kwa sababu zinakutana na tindikali yenyewe na kuipoza. Lakini magnesiamu hulegeza choo, na ukila tembe kumi kwa siku unaharisha bila ya kuwa na mdudu yeyote. Nashuku sehemu ya kuharisha kwako wewe binafsi ilitoka huko. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, usikipite, na mwenye ugonjwa wa figo asizitumie bila kumuuliza daktari.

Kitu kimoja hukukitaja lakini nakijua: asubuhi ya tarehe 26, kichwa kikiuma kwa uchovu wa pombe, kuna mtu hapo nyumbani anagawa diklofenaki. Ikataeni. Dawa za jamii hiyo hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na ukuta wenyewe tayari umeunguzwa na pombe. Nimewaona wagonjwa waliotapika damu kwa mchanganyiko huo, na wengi wao hawakuwa walevi. Walikuwa watu wa sikukuu tu.

Tuje kwenye kiporo, ambacho ndicho kilichowaangusha watano kwa mpigo. Watu wakiharisha baada ya pilau husingizia mafuta au viungo. Wa kumlaumu ni muda ambao sufuria limekaa. Mchele huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Pilau ikishaiva na kuachwa vuguvugu jikoni, mbegu zinachipua, bakteria wanazaana, na baadhi yao hutoa sumu. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanasema tutaipasha moto vizuri. Sumu ile inayotapisha haiharibiwi na moto wa kupasha. Unaweza kuichemsha mpaka ikaungua na bado ikakutapisha ndani ya saa chache. Kwenye nyama na mchuzi yupo mwingine, Clostridium perfringens, anayependa sana masufuria makubwa kwa sababu katikati yake hupoa polepole mno. Huyo haleti kutapika sana. Yeye hukata tumbo na kuharisha kati ya saa 6 na 24 baada ya kula, na kwa jinsi ulivyoeleza, mimi kidole changu kinamwelekea yeye.

Sufuria la kilo kumi za mchele likifunikwa usiku, ukilifungua asubuhi na kutia mkono katikati, bado lina joto. Hilo ndilo tatizo lote. Pilau ikibaki, ipakueni ile jioni kwenye masinia mapana, iwe nyembamba ipoe haraka, na ndani ya saa mbili iingie kwenye friji. Kama friji haipo au umeme umekatika, wapelekeeni majirani usiku ule ule ingali ya moto. Na baridi ya kijijini kwenu isiwadanganye. Friji inatakiwa iwe chini ya nyuzi 5, na jikoni kwenu hata usiku wa manane hapafiki hapo.

Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi: damu ichemke kweli kweli, isiwe ya kupitishwa tu kwenye moto. Magonjwa ya mifugo kama brusela na kimeta hayajali mila. Mnyama aliyekufa mwenyewe, hata mkiambiwa aligongwa na pikipiki, asiliwe.

Mkiharisha, cha kwanza ni maji na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Acheni ile tabia ya kukimbilia antibayotiki kama metronidazole na siprofloksasini dukani. Kuharisha kwa kiporo mara nyingi huisha chenyewe ndani ya siku moja, na metronidazole kwenye karatasi yake imeandikwa isinywewe na pombe, katika nyumba ambayo pipa la mbege bado halijaisha. Kukiwa na damu kwenye choo au homa kali, hapo ni hospitali, na dawa za kufunga kuharisha zisiguswe.

Basi kwenye begi lako weka hivi: pakiti sita za ORS, karatasi moja ya tembe za kutafuna, na chupa ya lita moja ya maji ya safarini unayoijaza tena kila basi linaposimama. Omeprazole ibebe kama uliandikiwa na daktari, na uimeze kwa saa yake.

Dawa ya kusafisha utumbo mwachie anayeiuza. Utando wa ndani wa utumbo hujibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache, na ini na figo hazichukui likizo ya Krismasi. Nyingi ya hizo dawa ni majani ya kuharisha. Unapungua kilo mbili za maji, unazirudisha ukinywa, na utumbo unaweza kuzoea kusubiri kuchapwa ndipo ufanye kazi. Fedha hiyo kapime bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, kwa kipimo cha choo, kama kiungulia au maumivu ya chembe cha moyo vinakurudia hata nje ya sikukuu. Ila uwe umeacha omeprazole wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna ilhali unaye. Kila Januari napokea watu waliomeza omeprazole Desemba yote, majibu yao safi kabisa, na tumbo bado linauma.

Usisubiri miadi kama choo kimekuwa cheusi kama lami, umetapika damu, chakula kinakwama kikishuka, au unakonda bila sababu. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au taya, na jasho la baridi, usiyaite kiungulia. Nenda usiku huo huo.

Mama nimemwacha wa mwisho kwa sababu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mtu wa miaka 79 hasikii kiu kama wewe, na wengi wa umri wake wanameza dawa za presha zinazokojoza. Akiharisha juu ya dawa hizo anakaukiwa haraka, anaanguka akienda chooni usiku, na nyonga inavunjika. Kabla hamjapanda, angalieni vidonge vyake, piga simu kliniki yake uulize ni vipi vya kusimamisha akiharisha, na jibu liandikeni kwenye karatasi mbandike jikoni. Akianza, apewe kikombe kimoja cha ORS kila anapotoka chooni, hata akisema hana kiu. Na pilau yake ipakuliwe kwanza, ikiwa ya moto, siku inayopikwa.