Wasomaji Wanauliza: Rami ya Karata 13

*Assalaam aleikum. Sisi ni ndugu wanne, twajua michezo kadhaa ya karata ila rami yatuchanganya. Tutumie karata ngapi, na mtu amalizaje? (Msomaji, Majengo)*

Waaleikum salaam. Kwa watu wanne chukueni pakiti 2 na jokeri 1 (karata inayosimama mahali pa nyingine yoyote) kutoka kila pakiti, jumla karata 106. Changeni vizuri, mmoja akate, kila mtu agaiwe 13, moja moja. Karata inayofuata ifunuliwe: namba yake ndiyo jokeri ya raundi hiyo, pamoja na zile jokeri mbili zenyewe. Itieni chini ya fungu la katikati ikichungulia nusu, ili asije mtu akasahau. Funueni nyingine pembeni kuanzisha rundo la wazi. Ikifika zamu yako waokota moja, katika fungu au juu ya rundo, kisha watupa moja. Mkononi mwako zibaki 13 daima.

Ili umalize, karata zote ziwe zimepangika tatu tatu au zaidi. Mfuatano ni karata za aina moja zinazoandamana, mfano 4-5-6 za kopa. Seti ni namba moja kwa aina tofauti, mfano 9 ya uru, ya pau na ya shupaza. 9 mbili za uru haziingii katika seti moja, na kwa kuwa pakiti ni mbili, hapa ndipo wanaoanza huteleza. Uwe na mifuatano isiyopungua 2, na mmoja wao uwe safi, yaani usiozibwa pengo kwa jokeri. Ree hukaa kabla ya 2 au baada ya mfalme. Mfalme-ree-2 si mfuatano.

Utafuteni mfuatano safi kwanza, kabla ya kitu chochote. Mwenzako akimaliza na wewe hunao, karata zako zote zahesabiwa, hata seti uliyoihangaikia: ree, mfalme, malkia na jeki pointi 10 kila moja, nyingine kwa namba zake, jokeri sifuri, na kikomo ni 80. Pointi hizi ni deni. Mwenye chache ndiye aliye mbele.

*Nilimaliza nikiwa na 7 na 8 za kopa pamoja na jokeri, jeki na malkia wa shupaza pamoja na jokeri, 8 tatu, na 5 nne. Wakasema sina mfuatano safi, wakaniandikia 80. Jokeri ya raundi ilikuwa 9, na ile niliyoiweka kwa kopa ilikuwa 9 ya kopa. Nilikosea wapi? (Dada wa Kisauni)*

Hukukosea, dada. 9 ya kopa ikikaa baada ya 7 na 8 za kopa imekaa mahali pake yenyewe, haikuziba pengo la mtu. Huo ni mfuatano safi, ijapokuwa 9 zote ni jokeri raundi hiyo. Ule wa shupaza wahesabika wa pili. 8 zako tatu, maadamu ni za aina tofauti, ni seti, na 5 nne za aina nne ni seti nyingine. Hiyo ni 3, 3, 3 na 4: karata 13 kamili. Zile 80 zafaa zifutwe daftarini.

Walichochanganyikiwa wenzako ni neno "jokeri". Lau ungeweka 9 ya pau mahali hapo, wangekuwa na haki, na adhabu ya kumaliza kimakosa ni hiyo hiyo 80. Siku nyingine panga mafungu mbalimbali mezani, mfuatano safi mbele, na uutaje kabla watu hawajaanza kuhesabu.

*Kila nikitupa karata, jirani yangu aiokota. Huwa anajuaje ninachotupa? Na kujitoa kuna faida? (Msomaji, Likoni)*

Mwangalie kwanza anachokiokota yeye. Akichukua 8 ya pau katika rundo la wazi, ameshakwambia: usimtupie 6, 7, 9 wala 10 ya pau, wala 8 nyingine. Akiiacha 8 ya pau ipite, 8 ya uru ina usalama zaidi. Na wewe usiokote katika rundo la wazi ila karata inayokamilisha fungu, kwani kila unachookota humo wote wamekiona.

Kisha hesabu unachongojea. Ukishika 5 na 6 za kopa, wangojea 4 au 7. Kila moja zipo 2, kwa hivyo karata 4 zaweza kukufaa. Ukishika 5 na 7, yakufaa 6 pekee, karata 2. Wengi hung'ang'ania pengo la katikati raundi nzima na mkononi wana wafalme wawili wapweke, pointi 20 za bure. Watupeni mapema, wakati wenzenu hawajajua wanachokitaka.

Kujitoa kabla hujaokota karata ya kwanza ni pointi 20. Ukishaokota ni 40. Ukifunua karata zako usione jokeri, wala mbili za aina moja zinazoandamana, jitoe papo hapo. 20 ni nafuu. Kosa kubwa ni kusitasita zamu mbili tatu ndipo ujitoe kwa 40.

*Karata zetu zanata, na tukicheza barazani upepo wazipeperusha. (Msomaji, Mji wa Kale)*

Karata za karatasi hazivumilii unyevu wa pwani, zavimba pembeni na kushikamana, na mtu huokota mbili akidhani moja. Nunueni za plastiki, mzipanguse kwa kitambaa kibichi kidogo, kisha kikavu, kabla ya kuzirudisha mkebeni. Atakayeokota mbili bila kukusudia airudishe ya chini bila kuitazama. Wakati wa kusi kalieni mkeka nyuma ya ukuta, na fungu la katikati mlitie ndani ya kisahani chenye kina.