Kuvuta, kukokota, kufungasa: amri za chombo kwa baharia mpya

Anayeanza kazi ya mashua Mikindani, Msanga Mkuu au Kitunda ya Lindi husumbuliwa na amri kuliko kamba zenyewe. Nahodha hasemi "vuta" kwa kila kitu, na mkono uliokosea amri waweza kuvunja foromali, yaani boriti inayobeba tanga, au kumtosa mtu baharini.

Anza chombo kikiwa pwani. Kushua ni kukiteremsha majini, kukweza ni kukipandisha mchangani. Ngoja maji yajae. Nyakati za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda juu zaidi, basi ukikweza kwenye ukomo wake, maji mafu, yaani yanayojaa kidogo, ya wiki inayofuata hayatakifikia chombo. Kama una safari siku hizo, kiache chini kidogo. Kukokota ni kuvuta kizito kikisogea kidogo kidogo. Kuburura ni kukiacha kisugue chini. Chombo hukokotwa juu ya magogo, watu wakigawana mbavu zote mbili. Kikibururwa juu ya matumbawe, mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, hulika, kalafati inayoziba mianya ya mbao hulegea, na maji yataingia ngamani, chini ndani ya chombo, bila wewe kuona tundu lolote.

Kufungasa ni chombo kimoja kuvuta kingine majini. Kamba ifungwe omoni (mbele) mwa chombo kinachofungaswa, chini, mahali imara. Ukiifunga juu kwenye mlingoti, chombo kitainama. Iwe ndefu, maana kamba fupi hukazwa ghafla kila wimbi likipita, ikakatika au ikang'oa ubao. Chombo kinachofungaswa kitue (kishushe) tanga na kibaki na mtu wa usukani, vinginevyo kitayumba huku na huku. Kisu kikali kiwe karibu.

Kutweka tanga ni kuvuta jarari, kamba ya kupandishia foromali, ipitayo kwenye gofia, yaani kapi. Vuta kwa kupokezana mikono, wala usiizungushe kamba kiganjani: foromali ni nzito na ikirudi itakwenda na vidole. Kutua ni kuiachia kidogo kidogo. Ukiiachia kwa mkupuo, foromali itawaangukia wenzako.

Sasa demani, kamba ya kona ya nyuma ya tanga. Hapa ndipo pa kujifunza kwa subira. Upepo wa tezi, yaani wa nyuma, legeza. Ukienda joshi, yaani kuuelekea upepo, kaza. Ukikaza kupita kiasi chombo kinalala ubavu na mwendo unapungua, ingawa mgeni hudhani kinakimbia. Legeza mpaka ukingo wa mbele uanze kupepea, kisha vuta mpaka uache, usizidishe. Upepo ukija kwa kishindo, legeza kwanza, maswali baadaye. Kwa sababu hiyo demani haipigwi fundo gumu. Izungushiwe mahali pa kufungukia kwa mvuto mmoja.

Kubisha ni kwenda mbisho, yaani kwenda kwa kona dhidi ya upepo. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, kutoka Mtwara kwenda Lindi upepo unakusukuma. Kurudi ndiko kwenye mbisho. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikivuma, mambo hugeuka. Kila kona inakula njia, basi kwenye maji mapana piga chache na ndefu, na ujiwekee nafasi ya kugeuka kabla ya kufika mwambani.

Kugeuka kwenyewe kuna namna mbili. Kupindua kwa goshini ni kuupitisha upepo omoni. Kwa damalini ni kuupitisha tezini. Chombo cha foromali hupinduliwa zaidi kwa damalini, kwa sababu foromali na tanga vimekaa upande mmoja wa mlingoti. Mtu wa usukani huondoa omo kwenye upepo taratibu, demani inalegezwa, na upepo ukishafika tezini tanga linapitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Huko ndiko kukisi. Demani ikiwa bado imekazwa, tanga litapokea upepo kwa ghafla upande usiotarajiwa na kukilaza chombo. Ikiachwa bila mwenyewe, itachapa kila aliye karibu. Mmoja aishike demani tangu mwanzo, na aliye mbele ya mlingoti abaki ameinama mpaka aambiwe kamba imekazwa upande mpya.