Maswali yenu ya jikoni: vitamu vya matunda kwa watoto

Swali: Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto wawili, nipo Mbagala, mkubwa ana miaka 5 na kila akirudi shule mdomo mwekundu wa ubuyu na zile aiskrimu za vifuko. Nikimkataza analia, nikimnyima hela wenzie wanampa. Nataka nimtengenezee mwenyewe kitu cha matunda kisicho na sukari kibao, ila sina oveni wala brenda, jirani ndo ana friza. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Anzia hapo hapo kwenye ubuyu, usihangaike na matufaha ya bei wakati ulimi wa mtoto ushazoea ubuyu. Ubuyu wenyewe hauna kosa, ule unga mweupe ni tunda halisi lenye vitamini C, kalsiamu na nyuzinyuzi nyingi tu, kinachouharibu ni ile shira ya sukari unayopikiwa na rangi inayotiwa juu, tena mara nyingi unauzwa bila lebo kwa hiyo mzazi huwezi kujua ni rangi gani.

Nunua ubuyu mweupe sokoni, chukua kama vikombe viwili. Chemsha maji vikombe vitatu, yaache yapoe mpaka uvuguvugu ndo umwagie, kwanza kwa sababu vitamini C haipendi moto, pili maji lazima yawe yamechemka maana friza haiui vijidudu, inavilaza tu na barafu ikiyeyuka vinaendelea na kazi. Acha nusu saa, koroga kwa mwiko mpaka mbegu zibaki tupu, chuja. Sasa utamu: ponda kwa uma ndizi mbivu tatu, zile zenye madoa meusi kwenye ganda ambazo wengi wanazitupa, ndo zina sukari yake yote imeshaiva, changanya na ule uji wa ubuyu na nusu kikombe cha tui zito, tia iliki kidogo. Mimina kwenye vikombe vidogo vya chai, chomeka kijiti, peleka kwa jirani mpaka kesho.

Na kama mwanao anataka nyekundu (watoto wanakula kwa macho kwanza, hilo tusijidanganye), loweka choya kavu (yale maua mekundu ya rosella) kwenye maji kidogo yaliyochemka, maji yake yale mekundu utie badala ya sehemu ya maji ya ubuyu. Choya ni chachu kwa hiyo ongeza ndizi, sio sukari.

Akikataa mara ya kwanza usivunjike moyo. Kama alizoea tamu sana basi wiki ya kwanza tia vijiko viwili vitatu vya sukari kwenye sufuria nzima, wiki inayofuata punguza, hivyo hivyo mpaka iishe. Ulimi wa mtoto unafundishika, nawaambia ukweli. Ila huyo mdogo, kama hajafika miaka minne, mbegu za ubuyu asimung'unye kabisa, zinakaba. Zabibu pia mkatie vipande vinne kwa urefu, na karanga msagie.

Swali: Anti, mi nampa wangu juisi fresh ya machungwa kila siku, siweki sukari hata punje. Mume wangu anasema ni sawa na soda. Nani mkweli? Mama, Dodoma.

Jibu: Sio sawa na soda, vitamini C ipo, lakini mumeo hajakosea kama unavyodhani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari huru (ile inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ya asali na juisi) isizidi asilimia 10 ya nguvu, yaani kalori, anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi, na sukari ya kwenye juisi inahesabiwa humo humo hata kama hukuongeza kitu. Mtoto anayekula kalori 1,200 kwa siku, hiyo asilimia 10 ni gramu 30, yaani kama vijiko saba vya chai kwa siku nzima, chai yake ya asubuhi na biskuti zikiwemo. Glasi moja inakunywa machungwa matatu manne, mtoto gani anakaa akala machungwa manne kwa mpigo? Akila tunda zima nyuzi zake zinamshibisha na sukari inaingia taratibu. Mmenyee moja, atafune.

Swali: Mjukuu wangu ana miezi tisa, naweza kumpondea papai na asali? Bibi, Tanga.

Jibu: Shikamoo bibi. Papai ndiyo, asali hapana mpaka atimize mwaka. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka pumzi, na moto wa jikoni hauziui. Papai lililoiva limetosha kwa utamu bibi yangu.

Swali: Hujambo dadangu. Nilikausha maembe juani nikayatia kwenye chupa, baada ya wiki yakaota ukungu. Tatizo nini? Baba, Kisauni.

Jibu: Sijambo kakangu. Hayakukauka, na Pwani unyevu ni mwingi hata kukiwa na jua. Kata vipande vyembamba kama milimita 5, vilivyo sawa sawa, maana kinene kimoja kinaharibu chupa nzima. Chagua embe lililoiva ila bado gumu kidogo, chovya kwenye maji ya ndimu yasigeuke rangi, panga kwenye ungo safi bila kugusana, funika na neti nzi wasitue, na jioni ingiza ndani kabla ya umande. Siku mbili mpaka nne. Kikunje kipande, kikikunjika bila kunata wala kutoa maji ndo tayari. Acha kipoe kabisa kabla ya kufunga, halafu wiki ya kwanza tikisa chupa kila siku, ukiona matone kwa ndani rudisha juani. Januari na Februari ndo wakati wako, maembe bado yapo na kaskazi inavuma kavu, masika ikishaingia usijaribu bila oveni. Yale yenye ukungu tupa yote, usikwangue.

Embe kavu limepoteza maji ila sukari imebaki, kwa hiyo mpe vipande vichache pamoja na mlo, sio kutafuna mchana kutwa maana linanata kwenye meno, na akimaliza anywe maji.