Usimpe mtoto filamu ya eksirei atazamie jua

Ndugu wa Kisumu, umeuliza kama filamu ya eksirei itamkinga mwanao akitazama madoa ya jua kwa darubini yako ya macho mawili. Haitamkinga, tafadhali usijaribu! Inafifisha mwangaza tu, na retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) haina neva za maumivu: jicho huungua bila yeye kujua.

Badala yake, funika lenzi moja, elekeza nyingine juani bila kuchungulia, na ushike karatasi nyeupe nyuma yake, kama sentimita 30. Sogeza karatasi hadi ukingo wa duara la jua linalotokea juu yake ukolee. Madoa yakiwepo yataonekana kama nukta za kalamu. Pumzisha darubini kila dakika moja, hupata moto. Usimwachie mtoto. Akilalamikia kiwi kisichoisha, daktari wa macho siku hiyohiyo.