Gipuri: Lesi Isiyokatwa kama Satini

Gauni la kwanza la gipuri nililolishona, la mama wa bibi harusi, liliniumbua. Nilikata kitambaa kama ninavyokata satini, nikabana kiuno kwa mikunjo ya kawaida, na nilipomaliza ua kubwa la kifuani likawa nusu huku, nusu kule, mfano wa sahani iliyovunjika ikagundishwa kwa pupa. Mteja hakusema neno, akajifunika mtandio hadi sherehe ikaisha.

Kosa langu lilikuwa kutoijua lesi yenyewe. Lesi nyingi za madukani zina wavu mwembamba unaoyabeba maua. Gipuri haina wavu, bali maua yake mazito hushikana kwa vijikamba vya uzi tu. Mashine hutarizi juu ya kitambaa cha muda, kisha kitambaa hicho huyeyushwa, ukabaki uzi mtupu. Mbinu hiyo ilianza kushika kasi katika miaka ya 1880 huko St. Gallen, Uswisi, na Plauen, Ujerumani.

Kwa kuwa hakuna wavu, penye mshono usikate mstari ulionyooka. Mkasi upite kwenye vijikamba, ukizunguka ua zima bila kuligusa, kwani ua likikatwa katikati uzi wake huanza kufumuka. Yaache maua ya upande mmoja yaupite mstari wa mshono, yalaze juu ya upande wa pili, yatie pini, uyashone kwa mkono pembezoni, ndipo upunguze kilichozidi chini yake. Kazi hii hula jioni nzima (nami huitoza bei yake bila aibu), lakini mshono hauonekani.

Kwa sababu hiyo nunua angalau mita moja zaidi ya unavyonunua kitambaa cha kawaida, na upange upindo kwanza, maana ukingo wenye mawimbi ndio pindo lenyewe. Zipu uishikize kwenye bitana imara, kwani uzito wa gipuri huivuta.

Vipande vinavyobaki usivitupe: ua moja moja hupamba kola, mkono wa blauzi au ukingo wa shela.

Gipuri ya poliesta huyeyuka kwa pasi kali, basi ilaze kifudifudi juu ya taulo nene, uipige kwa moto mdogo ili maua yabaki yameinuka. Ikishakauka, ikunjwe kabatini. Ikitundikwa, mabega hurefuka.